Kaseti ya Thelathini na Tano

Bukavu, Jumatatu, tarehe 1 Machi 1982

Euphrasie wangu,

Barua ya Constance imefika kutoka Kisangani. Mtoto wake ametimiza mwaka mmoja. Binti yetu anaomba kitu kimoja tu: niseme ndani ya kaseti, nimtumie. Anaandika kwamba hajasikia sauti yangu tangu mazishi yako, na mtoto hajaisikia hata mara moja. Lucien, dereva wa lori, ataondoka Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi. Ataibeba.

Jambo rahisi. Tatizo: sina kaseti.

Ninazo thelathini na nne, ndiyo. Lakini hizo ni mpya. Ya kwanza uliinunua wewe kwa Mgiriki mwaka 1973, kabla duka lake halijachukuliwa na serikali. Ulisema tutaifungua siku tutakapokuwa na neno la maana. Tangu ulipoondoka nimeitafutia wenzake: aina ileile, za miaka ileile, nailoni haijapasuka. Zimelala upande wako wa kitanda. Hazifunguliwi.

Nitapata kaseti kuukuu kwa mtu. Nina mpango.

Jumanne, tarehe 2

Mpango ulikuwa Adalbert, mwalimu wa kwaya hapa Cimpunda. Nilimwambia kwa huruma kwamba kaseti yake ya nyimbo za Pasaka imechoka, utepe utakatika wakati wowote, heri nimwondolee. Akaitia kwenye redio. Ikaimba safi. Akanikalisha nikasikiliza upande wa kwanza wote. Akaigeuza. Nikasikiliza wa pili.

Mwishoni alikubali kwamba kweli kuna kasoro: sauti nzito ni chache. Sasa mimi ni mwanakwaya. Mazoezi Alhamisi.

Jumatano, tarehe 3

Jirani yetu Mama Séraphine ana kaseti moja, mahubiri ya Kwaresima ya zamani. Haisikilizi. Nikajitolea kusafisha redio yake, nikitumaini atanizawadia. Nilifungua, nikapuliza vumbi, nikafunga. Skrubu mbili zikabaki mkononi. Redio sasa inashika Kigali peke yake.

Hata hivyo nilitaja kaseti. Akaniangalia sana.

“Papa Donatien, uko na kaseti kama magazini ya Mgiriki, na unakuja kuomba ya mujane?”

Nikasema zangu ni za kutunza.

“Zinatunza nini? Ziko bubu.”

Nikaeleza kwamba ni bubu kwa sababu ni mpya.

“Basi munapatana vizuri, wewe na zenyewe.”

Lakini alinipa sahani ya maharage nije nayo. Nilikula nimesimama. Nikikaa mezani, mkono unatoa sahani mbili.

Alhamisi, tarehe 4

Nimeimba. Wenzangu walimaliza kabla yangu mara tatu. Adalbert alisema kwa upole kwamba wimbo si mkutano, anayechelewa hasubiriwi. Nilirudi nyumbani na koo linauma. Ni siku nyingi sijatumia sauti isipokuwa kuuliza bei. Mlangoni nikasema “nimefika”, kwa mazoea.

Mama Séraphine amemweleza Adalbert habari yote. Adalbert akaniuliza kwa nini nisifungue moja tu. Nilimjibu kwamba yangu kwa Constance ni salamu tu, bado si neno la maana. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

Ijumaa, tarehe 5

Adalbert amekuja na kaseti. Euphrasie, ya Mgiriki! Haijafunguliwa. Aliitunza miaka tisa ili amrekodi mama yake kule Walungu, na mama akatangulia.

“Papa, usifanye kama mimi,” alisema. “Sema leo.”

Nilimshukuru mpaka akaona haya. Alipoondoka nilitia redio betri mpya, nikasukutua, nikakaa. Nikajaribu maneno mara mbili bila kaseti. Yalikuwa mazuri. Nikaingiza ukucha chini ya nailoni.

Hapo ndipo nilipoziona kona. Zote nne nzima. Kati ya thelathini na nne hakuna hata moja yenye kona nne nzima.

Sasa ziko thelathini na tano.

Jumamosi, tarehe 6

Usiogope, nilipata mpango ulio bora zaidi. Lucien mwenyewe atakuwa kaseti.

Alipokuja baada ya salongo nilimsimamisha kando ya lori na kumfundisha: “Constance, mwanangu, mimi ni muzima. Mwambie mutoto babu yake anamusalimia.” Aliharakisha. Nikamwambia mimi siharakishi. Akaanza tena. Nikamkumbusha kikohozi changu, kinachotangulia jina la Constance.

“Papa, na kikohozi pia nikibebe mpaka Kisangani?” aliuliza. “Ile barabara itanipa changu.”

Mara ya nne alikaribia kupatia. Pale kwenye “mwanangu” alishusha sauti kama mimi hasa, halafu akanitazama, akasema angeweza kuningoja nusu saa kama nataka kuingia ndani kurekodi. Nikamwambia aende, mvua inakuja. Nilisimama mpaka injini haikusikika tena upande wa Bagira.

Nina hakika mtoto atanitambua. Adalbert akiuliza, nitamwambia sauti imeondoka na lori. Si uongo.

Kesho baada ya misa nakwenda Bagira. Nasikia mwalimu mmoja mstaafu anazo mbili ambazo hazijafunguliwa, na hana mtu wa kumrekodi.

Kama huko bado mnakumbuka watu, Euphrasie, unikumbuke na mimi.