Ombi la Kuondoa Wakati Uliopita katika Mji wa Gorna Drenka

Kwa Mheshimiwa Bi Nedyalka Gencheva,
Mwenyekiti wa Jumba la Kusomea "Svetlik",
Gorna Drenka.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kosa wanalolifanya wengi wanaofundisha Kiingereza kwa watu wanaoanza ni kudhani kwamba wakati uliopita ni mgumu kwa sababu ya vitenzi vyake. Vitenzi havina neno. Vitenzi hukaririwa hata na mtu asiyekumbuka alikoweka miwani yake, na mimi ni ushahidi unaotembea. Ugumu wenyewe uko kwingine, nami nimeugundua nikiwa nimechelewa, kama ninavyogundua mambo mengi. Naomba univumilie nieleze kwa utaratibu. Ualimu ukishamwingia mtu hautoki hata akistaafu. Muulize mke wangu, ambaye kila asubuhi huelezwa jinsi kahawa inavyochemka.

Kama unavyojua, mimi nilisomea kufundisha Kirusi. Kirusi kilipokosa wanafunzi nikajifunza Kiingereza, nikiwa mbele ya darasa langu kwa kurasa chache tu, na siku nyingine nyuma yake. Hivyo uliponiomba niwafundishe wazee wa mji huu, ambao watoto wao wamehamia Uingereza na Ayalandi na wajukuu wao hawajui neno la Kibulgaria, nilikubali mara moja. Niliamini kuwa wanafunzi wa umri huo hawataona ninapobahatisha. Wakati uliopo tuliumaliza salama. Baada ya Pasaka tukaingia wakati uliopita, na hapo ndipo yalipoanza haya ninayokulalamikia.

Kwanza, sakafu. Umeniandikia kwa ukali kuhusu madoa ya mvinyo katika chumba cha juu, kwenye mbao zilizopigwa vanishi mwaka jana. Madoa ni ya kweli na chanzo chake ni mimi. Siku ya kwanza niliandika ubaoni mfano usio na ubaya wowote: "Mjomba wangu Tihol alitengeneza viti." Mzee Minko, yule aliyekuwa akiendesha lori la maziwa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo mjomba yuko hai?"

"Hapana, alishafariki."

"Na wewe unamtaja hivi hivi, mdomo mkavu? Kwenu mlilelewa na nani?"

Akatoa chupa ndani ya mfuko wa sokoni. Darasa zima likasimama, likasema "Mungu amrehemu", likamwaga matone ya marehemu sakafuni kama tulivyofundishwa na wazazi wetu. Nami nilimwaga, ningefanyaje, mjomba ni wangu. Lakini sentensi ya pili ilikuwa ya shangazi, ya tatu ya jirani wa shangazi, na kila kitenzi kilikuja na marehemu wake. Mwisho wa kipindi matamshi ya darasa yalikuwa yamelegea kabisa, na ya mwalimu zaidi. Wakati wa kutoka niliagana na kabati.

Pili, chakula. Akina mama walipojua kwamba somo ni la wakati uliopita, hawakuja tena mikono mitupu. Walileta ngano iliyochemshwa, yenye sukari na kokwa za jozi zilizotwangwa, na mikate ya mviringo, kila mmoja kwa ajili ya mtu wake. Chakula cha marehemu hakikataliwi. Unapokea, unamwombea, unakula. Daktari wangu aliniuliza sukari yangu imepandaje namna hii. Nikamjibu kwamba ni vitenzi visivyofuata kanuni.

Tatu, Bwana Tsanko wa barabara ya stesheni. Hapa nakiri kwamba nilijiona mjanja. Niliwaza hivi: ikiwa tatizo ni wafu, basi nitatumia walio hai. Nikaandika: "Bwana Tsanko alifanya kazi kiwandani. Alicheza chesi vizuri." Tsanko, kama unavyojua, amestaafu kiwanda na chesi pia, ila kuishi bado. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyemwaga tone. Darasa lilikaa kimya, wengine wameinamisha vichwa, nami nikafurahi kwamba hatimaye wananisikiliza. Kumbe walikuwa wanaomboleza.

Asubuhi yake Bibi Gana alifika kwa Tsanko na bakuli la ngano. Mzee Minko, ambaye mpwa wake ana mashine ya kuchapa, alikuwa ameshabandika tangazo la msiba lenye picha, moja kwenye geti na moja kwenye nguzo ya umeme. Geti likafunguliwa na Tsanko mwenyewe, kavaa kandambili.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe," akajibu Bibi Gana.

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Tena kwa Kiingereza."

Tsanko akasoma tangazo lote, akasema mwaka wa kuzaliwa umekosewa na picha ni ile aliyoikataa tangu zamani, akala ngano ikaisha, kisha akaja kwangu. "Spiridon," akaniambia mbele ya mke wangu, "siku zote nilijua hunipendi kwa sababu ya chesi. Sikujua ni kiasi hiki." Tangu siku hiyo watu sokoni wanamsalimia, "Eh, Tsanko, bado upo?" naye ananyoosha kidole kuelekea nyumbani kwangu.

Nne, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Bibi Kinka Boyukova unamfahamu. Mumewe, Dobri, wewe na mimi tulimsindikiza makaburini kabla ya Krismasi. Bibi Kinka alijiandikisha kwa jambo moja tu. Mjukuu wake Ema, aliyezaliwa Leeds na asiyejua Kibulgaria, ataletwa hapa mwezi wa Julai, na bibi anataka kumsimulia kuhusu babu ambaye mtoto alimwona kwenye simu tu. Mwanafunzi mwenye sababu nzuri kuliko hiyo sijawahi kumpata. Wengi wa wanafunzi wangu wa zamani sababu yao ilikuwa kwamba mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa.

Sasa Bibi Kinka alisimama darasani akasema kwa Kiingereza safi: "Dobri anapenda supu ya maharagwe. Dobri yuko bustanini."

Nikamsahihisha kwa upole. "Alipenda, Bibi Kinka."

"Anapenda."

"Tuko wakati uliopita. Alipenda. Alikuwa."

Mzee Minko akapiga meza. "Mwalimu, muache bwana! Utamzika mara ngapi?"

Bibi Kinka hakupandisha sauti. "Mwalimu," akasema, "kwa Kibulgaria nimeshamzika. Nimevaa nyeusi, nimefanya arobaini, tangazo lake liko getini. Kwa Kiingereza hajafa. Niachie hapo hapo."

Mheshimiwa, mimi nina jibu la kila kitu, yakiwemo mambo ambayo sikuulizwa. Kwa hili nilianza kutafuta chaki, na chaki ilikuwa mkononi.

Nikamwachia. Matokeo yake ni kwamba Jumapili iliyopita Bibi Kinka alimwambia Ema kwenye simu, kwa sarufi niliyoifundisha mimi, kwamba babu yuko bustanini. Mtoto akaomba babu aitwe amsalimie. Mtoto huyohuyo alishaambiwa na baba yake kwamba babu amefariki. Akalia, akataka kujua kati ya baba na bibi mwongo ni nani. Jioni baba yake, Ognyan, akanipigia.

"Mwalimu, shikamoo. Mama unamfundisha nini huko?"

Nikamwambia tuko somo la sita. Najua halikuwa jibu, ila ndilo lililotoka.

"Mtoto hajui amwamini nani," akasema. "Mimi sitaki kumleta akae anamsubiri babu mezani. Mama asiponyoosha maneno yake, Julai hatuji."

Basi umeona nilipo. Nikimtoa Bibi Kinka kwenye wakati uliopo, nitakuwa nimemzika Dobri kwa lugha ya pili. Nikimwacha humo, mjukuu haji. Mwalimu bora angepata njia. Aliyepo ni mimi, nami njia niliyoiona ni moja.

Naomba kwa heshima Bodi yako ipige marufuku wakati uliopita ndani ya Jumba letu, na ikiwezekana katika mji mzima. Tazama faida zake. Sakafu yako itapona. Sukari yangu itashuka. Tsanko ataweza kwenda sokoni. Zaidi ya hayo, kwa Kiingereza kiwanda cha maziwa kitakuwa kinafanya kazi, treni ya asubuhi itakuwa inasimama, shule itakuwa imejaa watoto hadi tunawapanga ngazini, na mimi nitakuwa na nywele. Mji ambao kwa Kibulgaria umebaki na wazee na paka, kwa Kiingereza utakuwa umejaa watu. Gharama ni gundi tu, ya kubandika pamoja kurasa za kitabu kuanzia somo la sita.

Naomba pia Ognyan aandikiwe rasmi, kwa muhuri wa Jumba, kwamba kwa mujibu wa kanuni mpya hakuna mtu anayefariki Gorna Drenka kwa Kiingereza, na kwa hiyo mama yake alisema kweli tupu. Mimi niko tayari kuhamishiwa wakati ujao, ingawa kwa umri wa darasa letu utakuwa somo fupi.

Nikiamini kwamba utaliangalia ombi hili kwa jicho lile la huruma uliloniangalia nalo ulipoiona sakafu, nakutakia afya wewe na nyumba yako. Nisalimie mumeo, dada yako wa maktaba, wapiga tarumbeta wa ghorofa ya chini, na Tsanko pia, ukimwona kabla hajakuona.

Wako mtiifu,
Spiridon Tabakov,
mwalimu mstaafu.

N.B. Nilikuwa naifunga bahasha Bibi Kinka alipoingia, simu mkononi, Ema yuko kwenye kioo. Alitaka niketi karibu, asije akakwama. Mtoto hakuuliza babu yuko wapi. Nadhani baba yake alimkataza. Aliuliza babu alikuwa anaogopa nini.

Bibi Kinka aliisogeza simu karibu na uso wake. Kisha akasema kwa Kiingereza, "Bata bukini."

"Bata?"

"Bata mmoja mkubwa. Alimfukuza babu. Babu alikimbia. Babu alipanda paa. Bata alikaa chini. Babu alikaa juu. Mimi nilileta supu."

Mtoto alicheka hadi simu ikamdondoka, tukaona dari ya Leeds. Alipoiokota aliuliza neno moja tu: "Halafu?"

Vitenzi vitatu vilikosewa. Nilivisikia vyote, na mke wangu ni shahidi kwamba sikufungua mdomo. Bibi Kinka aliendelea: babu alitupa kofia, bata aliikalia, babu aliomba msamaha. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulishika simu na wa pili ulikuwa unaonyesha urefu wa bata. Nyuma ya mtoto ikasikika sauti ya Ognyan kwa Kibulgaria.

"Mama, hiyo mbona hujawahi kunisimulia?"

"Hukuniuliza kwa Kiingereza."

Ognyan akacheka, akasema Julai wanakuja.

Ndipo nikaelewa nilichopaswa kukifundisha tangu Pasaka. Katika wakati uliopo, Dobri alikuwa amekaa bustanini miezi yote hii bila kufanya lolote. Katika wakati uliopita alikimbia, alipanda paa, alitupa kofia. Nilidhani huko ndiko tunakowazika.

Chana barua hii, Mheshimiwa. Wewe nawe una mjukuu Dublin. Mpigie leo, umsimulie jambo moja alilolifanya mama yako.