Mume Mwenza Wangu ni Pipa

Krosno, Jumanne, Novemba

Kwa Bibi Mkuu,
Chekechea ya Uyoga Mwekundu.

Bibi Mkuu mpendwa,

YAH: KUONDOLEWA KWA PIPA LA KABICHI CHUMBANI KWETU KABLA YA IJUMAA

Kichwa hapo juu kinajieleza, na kama karatasi ingebeba harufu kingejieleza zaidi. Mimi ni Seweryn Dudzik, fundi wa lifti, mume wa Jagoda, mwalimu wenu wa darasa la Nyuki. Neno "mume" naliandika kwa furaha, maana bado ni jipya na linanibana kidogo kama kiatu cha harusi. Nampenda Jagoda. Nampenda akicheka, nampenda akiwa na gundi kwenye nyusi, nampenda hata anapokata maumbo ya majani kwenye shati langu la zamani ambalo halikuwa la zamani sana. Nasema haya mapema usije ukadhani nina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hayo masomo yenu ya kujifunza kwa vitendo, hasa tendo moja, ambalo limesimama kati ya kitanda chetu na dirisha.

Ijumaa jioni kuna basi la kwenda milima ya Bieszczady. Tumekodi huko chumba chenye jiko la kuni kwa ajili ya fungate yetu, ambayo ilipaswa kuwa imekwisha zamani. Jagoda amesema hatoki Krosno maadamu pipa linachacha na hakuna wa kuliangalia. Kwa hiyo, Bibi Mkuu, ama pipa liondoke au fungate yangu ife. Naomba unisikilize kwa utaratibu ufuatao.

1. Desturi inamtaka bwana harusi ambebe bibi harusi kuvuka kizingiti. Nilimbeba Jagoda siku ya Jumapili, mwepesi, ana joto, ananukia vanila. Jumatatu nililibeba pipa lenu. Najua lilivyoanza: mpishi wenu alikata kabichi, Nyuki wakaichanganya na chumvi, karoti na kisibiti, wakaikandamiza kwa ngumi zao mpaka ikatoa maji, na kila mmoja akarudi nyumbani na mikono mitamu kwa mbwa. Somo zuri. Lakini ilipofika saa ya kulihifadhi, stoo yenu ikawa imejaa vigari vya kutelezea kwenye theluji, na mpishi akasema, "Litoke pipa, au nitoke mimi na supu yangu." Ndipo mke wangu, mwenye moyo mpana kuliko chumba chetu, akasema sisi tunakaa ng'ambo ya barabara. Siku ya harusi mama mkwe alitupokea mlangoni kwa mkate na chumvi. Sikujua kwamba chumvi iliyobaki ilishapangiwa kazi.

2. Kabichi inayochacha lazima idungwe kwa ufito mpaka chini, asubuhi na jioni, ili hewa mbaya itoke. Isipodungwa, inakuwa chungu. Asubuhi ile moja ya kabla ya pipa, Jagoda alifumbua macho akanitazama, na mimi nikajiona nimezaliwa upya. Sasa anafumbua macho, ananiruka kama gogo, anainama, na neno lake la kwanza ni, "Umepumua vizuri?"

Mara ya kwanza nilijibu mimi. Nilisema, "Ndiyo, mpenzi, nimepumua."

Akasema, "Si wewe, Seweryn."

3. Harufu. Bibi Olbrycht wa ghorofa ya juu alinisimamisha kwenye ngazi, kaziba pua kwa kitambaa. "Mwanangu, kuna nini kimekufa humo ndani?" Nikamwambia hakijafa kitu, mama, ni watoto wanajifunza. Akatikisa kichwa. "Ndoa za siku hizi! Zetu zilichukua miaka kabla ya kuanza kunuka."

4. Kila Jumatano darasa zima linakuja kumtembelea. Nasema "kumtembelea" kwa sababu pipa sasa lina jina. Walipiga kura, likaitwa Bwana Teofil. Mimi sikupigiwa kura. Wanavuka barabara wameshikilia kamba, wanavua viatu, wanapanga foleni kuanzia mlangoni hadi kwenye mto wangu wa kulalia. Mmoja ananusa, mmoja anaonja, mmoja anatega sikio kwenye mbao na kutangaza, "Anacheua!" Wote wanapiga makofi. Mimi huwa nimetoka zamu, nimekaa kitandani na fulana, na maswali yananiangukia.

"Mjomba, wewe na mwalimu mnalala hapa?" aliuliza Gniewko, yule wa meno mawili yaliyong'oka.

"Ndiyo."

"Na Teofil?"

"Hapo ulipo."

Akapima kwa macho. "Sasa nani analala katikati?"

Nilimwangalia mke wangu anisaidie. Alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Hapo hapo Lilka, ambaye huzungumza kwa nadra na kila akizungumza mtu hupata hasara, akanivuta fulana. "Kabichi ilikuwa ngumu, ikakaa na chumvi, ikabadilika. Wewe mjomba ukikaa na Teofil, na wewe utabadilika?"

Jagoda akamjibu, "Tusubiri tuone." Hayo yalisemwa mbele yangu, Bibi Mkuu, ndani ya chumba changu, na mtu niliyemvisha pete.

5. Njia zenu za kufundishia zimevuka barabara pamoja na pipa. Naelewa kwamba chekechea yenu haimpi mtoto jibu. Humwuliza, humwachia ashike, ajue mwenyewe. Juzi nimechelewa kazini, watu wamekwama ndani ya lifti ya zahanati, nauliza soksi zangu ziko wapi. Mke wangu akachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa, akasema kwa sauti tamu, "Unafikiri ziko wapi, Seweryn? Tuanze kutafuta wapi?" Nilizikuta juu ya mfuniko wa Teofil, chini ya jiwe linaloukandamiza. Nikapigiwa makofi. Ninachoona aibu kukiandika ni kwamba nilifurahi.

6. Tujumlishe sasa. Chumbani kwangu kuna mwingine. Ana jina, ana wageni, anasalimiwa kabla yangu. Anafunikwa blanketi usiku wa baridi, blanketi tulilopewa zawadi na shangazi yangu. Mke wangu anamtegea sikio tumboni na kutabasamu. Wake wenza nimesikia wako kwingineko duniani. Mume mwenza ndiyo kwanza namwona, na wangu ni wa mti wa mwaloni, ana mikanda ya chuma kiunoni, na hajawahi hata siku moja kuosha vyombo. Sheria ya nchi yetu haimruhusu mwanamke kuwa na waume wawili. Kwa hiyo chekechea yako, pasipo kukusudia, imevunja sheria ya ndoa, na shahidi ni darasa zima la Nyuki, ambao ni wadogo lakini wana sauti.

Naomba basi mambo mawili. La kwanza, gari lije kabla ya Ijumaa limchukue Teofil, limpeleke popote, hata nyumbani kwako, nasikia una sebule kubwa. La pili, Nyuki warudishwe kwenye vitabu vya kupaka rangi. Mimi nilisoma chekechea ambayo tulikaa mikono magotini. Kabichi nilionyeshwa kwenye picha, nikaipaka kijani, nikasifiwa, nikalala mchana. Na nimekuwa mtu mzima kamili. Ni kweli kwamba mpaka nilipooa sikujua kabichi ina sauti, wala sikujua kama mikono yangu inaweza kufanya kitu kingine zaidi ya kukaza nati. Lakini mtu anaweza kuishi bila kujua hayo. Mimi niliishi. Ilikuwa kimya sana, ila niliishi.

Mtoto anayegusa kila kitu, Bibi Mkuu, atakua na kugusa kila kitu. Leo kabichi, kesho udongo, keshokutwa moyo wa fundi wa lifti aliyekuja kutengeneza kengele ya mlango wa shule, akakuta mwalimu amekaa sakafuni anatengeneza kalunguyeye wa kokwa za chestinati na vijiti, akaambiwa, "Shika hapa, usiachie," naye mpaka leo hajaachia. Nani atawajibika?

Nikitumaini hatua za haraka, nabaki mwenye heshima kwako na mwenye wivu kwa pipa lako,

Seweryn Dudzik

Nisalimie mpishi na supu yake, mama wa chumba cha makoti, mlinzi, na Nyuki wote mmoja mmoja, hata Gniewko.

Nyongeza: Bibi Mkuu, nilipokuwa natafuta bahasha, Teofil alinyamaza. Nilitega sikio, kimya. Nikamdunga mpaka chini, kimya. Sijui nilivukaje barabara, najua tu nilikuwa na soksi na ufito mkononi nilipofungua mlango wa darasa na kupiga kelele, "Teofil hapumui!"

Jagoda hakushtuka. Alichuchumaa, ingawa mimi nilikuwa nimesimama, akauliza, "Unafikiri kwa nini, Seweryn?" Mikono ikanyooka darasa zima. Gniewko akachaguliwa. "Amemaliza kuchacha, mjomba. Sasa anataka baridi tu."

Niliketishwa kwenye kiti kidogo, nikapewa maji, na nembo ya nyuki kifuani, ambayo sijaivua. Nilipoonja kabichi nyumbani ilikuwa tamu kwa uchachu wake, ina mlio chini ya jino. Nikampigia simu mwenye nyumba wa Bieszczady. Anasema barazani kwake sasa hivi maji yanaganda. Kwa hiyo gari lisije. Tunaondoka Ijumaa sisi watatu, dereva wa basi ameshakubali, na Teofil atarudi akiwa ameiva vizuri kwa sikukuu ya watoto. Vitabu vya kupaka rangi usivitoe kabatini. Ukivitoa nitaandika barua nyingine, na hiyo itakuwa kali. Hii naituma hata hivyo, kwa sababu Jagoda anasema kazi ya mikono haitupwi.

Mwambie Lilka kwamba jibu la swali lake ni ndiyo.