Wajukuu Watatu, Mwanzi Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti

Wamefika. Wote watatu, na mabegi yao, na kelele zao. Shule zimefungwa hadi mwisho wa mwezi. Binti yangu Chinatsu amewashusha, akanywa chai ya baridi wima, kisha akaniita pembeni. Eti hii ni wiki ya majaribio. Watoto wakichoka na kununa, kuanzia mwakani likizo yote watakuwa kwa babu yao wa upande wa pili, Mzee Onodera wa Yokohama.

Onodera. Ana bwawa la kuogelea chini ya jengo lake. Ana televisheni pana kama mlango. Ana kiyoyozi hadi chooni. Mimi nina feni moja, na inazunguka ikipenda. Ila nina akili. Nilipomwambia hivyo Chinatsu, aliwasha gari.

Sasa hali ya vita. Mizuki, miaka kumi na minne, kanisalimu kwa kidevu, macho kwenye simu. Kanta, miaka tisa, anajua kila kitu, na hangoji kuulizwa. Ibuki, miaka minne, anauliza kwa nini mpaka mtu unasahau ulikuwa unasema nini. Ninachohitaji ni mchezo mmoja tu wa kuwashika wote kwa pamoja. Mke wangu Sumie anasema niwaache, watoto hucheza wenyewe. Ndiyo maana hajawahi kuwa mwenyekiti wa kijiji.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: kukamata dundu, wale mbawakawa wenye pembe. Mtoto gani wa Japani asiyependa dundu? Jana jioni nilipaka mti asali, ndizi mbivu na pombe yangu nzuri ya viazi. Alfajiri nikawaamsha. Kanta akautazama mti, akanieleza kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya, kwamba huu ni mwerezi na dundu hawautaki mwerezi kabisa. Nikamwambia nilikuwa nakamata dundu kabla mama yake hajazaliwa. Akauliza kama ni kwenye mwerezi.

Dundu hawakuja. Manyigu walikuja. Wengi, wakubwa, na wamelewa.

Tulikimbia. Mizuki alitangulia, yeye aliyekuwa amesema hana nguvu hata ya kuvaa viatu. Mimi nimeumwa kwenye sikio. Ibuki alidhani kukimbia ndio mchezo wenyewe, akaomba turudie. Kanta amelipima sikio langu kwa rula, asubuhi na mchana, na anafurahia linavyokua.

Jioni Onodera akapiga simu ya picha. Kumbe alikuwa bwawani. Amevaa kofia ya kuogelea, anawapungia mkono wajukuu zangu. Akaniuliza sikio langu limepatwa na nini. Nikasema mtandao wa huko kwao ndio mbaya.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata. Usingizi haukunijia vizuri kwa sababu ya sikio, na katika kugaagaa likanijia: tambi za kuteremka. Unapasua mwanzi, unaukwangua ndani, unauegemeza kutoka juu hadi chini, unafungulia maji ya kisima, unatia tambi nyeupe nyembamba. Zinateremka, watu wamesimama kandokando na vijiti, anayewahi anakula. Mkubwa anafurahi, wa kati anafurahi, mdogo anafurahi. Onodera na bwawa lake hana mwanzi hata wa kuchokolea meno.

Nikakata mianzi kilimani, nikaiunganisha kutoka jabali la nyuma mpaka mlangoni. Mrefu kuliko wowote uliopata kuonekana kijijini. Sumie akapita na kapu la biringanya, akasema, baba Chinatsu, mgongo ni wako lakini wa kuukanda ni mimi. Nikajifanya sisikii, kwa sikio lile lile.

Kanta akaja na penseli. Eti mteremko umezidi. Nikamwambia mwanzi haufundishwi na penseli. Tukajaribu. Tambi zikapita kama mwizi anayefukuzwa, zikaruka mwisho wa mwanzi, zikamwangukia paka wa jirani mgongoni. Nikasema ndivyo nilivyokusudia.

Kanta alipoingia kuoga nikaushusha mwanzi kwa vipimo vyake. Unakwenda vizuri mno. Hana haja ya kujua.

Alhamisi, 7 Agosti

Tatizo limebaki Mizuki. Kaa la baridi. Nimemwambia habari za mwanzi, akasema sawa. Hiyo tu. Sawa.

Nikafikiri: msichana huyu hajui babu yake ni nani. Basi nikaenda ofisi ya kijiji. Kuna kipaza sauti pale kinachosikika bonde zima. Ni cha kutangazia kimbunga, na ufunguo anakaa nao mwenyekiti, yaani mimi. Nikajisafisha koo. Nikatangaza kwa sauti ya heshima kwamba kesho saa sita mchana, nyumbani kwa Mwenyekiti Kamimura, kutakuwa na tambi za kuteremka, watu wote mnakaribishwa. Shabaha yangu ilikuwa jina langu tu limfikie Mizuki kutoka milimani. Sumie anasema nilisema watu wote mara tatu. Mimi nakumbuka mara moja.

Nilipofika nyumbani Mizuki alikuwa amejifunika uso kwa mto. Sauti ikatoka chini ya mto: babu, hata walio ng'ambo ya mlima wamesikia. Nikajua imemgusa.

Onodera kapiga tena. Amewaambia watoto kwamba mwakani atawapeleka kuona pomboo. Ibuki ameuliza pomboo wanakula nini. Kisha akaniuliza kama mimi nina pomboo. Nimekwenda kusimama bustanini peke yangu. Nawapenda watoto hawa kuliko ninavyojua kusema, na sina pomboo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nitaandika yote, hata ya aibu.

Wamekuja kweli. Watu wote. Kijijini kwetu kijana ni mtu wa miaka sitini na nane, huyo ndiye anayetumwa kupanda juu ya paa. Kila mmoja na vijiti vyake na bakuli lake. Wakaona mwanzi, wakausifu, nikavimba kifua. Halafu wakajipanga. Hakuna aliyewaambia. Walijipanga kama wanavyojipanga siku zote, msibani, karamuni na kwenye mikutano yangu: kwa umri. Mzee Gonpachi, miaka tisini na sita, juu kabisa penye maji. Anayemfuata akafuatia. Na kadhalika mpaka chini, alipo Kanta, na mwisho kabisa Ibuki na bakuli lake la sungura.

Sumie akaanza kutia tambi. Jamani, wazee wale. Watu wasioweza kufungua chupa ya achari bila kuita jirani, leo wanadaka tambi kama kuku aliyeona mchwa. Kapu likaisha, likaja jingine. Chini yalifika maji matupu. Mara moja ulipita uzi mmoja wa tambi, Kanta akaudaka akampa mdogo wake, akanitazama. Mizuki ameketi juu ya jiwe na simu. Ibuki akauliza kwa nini tambi za babu hazionekani. Kidevu chake kikaanza kucheza. Mimi nikawaona pomboo.

Lakini utamwambiaje Mzee Gonpachi asogee? Alinifundisha kuogelea, na mpaka leo ananiita Toku kama mtoto. Nikapanda juu ya kreti ya bia, pale pale maji yanapoanzia. Nikainama kwa heshima. Nikasema kwa nguvu kwamba nawaomba wakubwa wangu, wawafikirie na watoto.

Kufika kwenye neno watoto, meno yangu yakatoka.

Ya bandia, ya juu, safu nzima. Yakatumbukia kwenye mwanzi na kuanza safari. Maji safi, jua la saa sita, kila mtu aliyaona. Mzee Gonpachi akayatupia vijiti akakosa, ndiyo mara yake ya kwanza kukosa leo. Wengine wote wakaondoa vijiti, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kama watu wanaopisha jeneza. Yakateremka mpaka chini. Ibuki akayadaka kwa vijiti, safi kabisa, akayatia kwenye bakuli lake na mchuzi wake.

Nyenze tu wanalia mitini. Ibuki akachungulia bakuli, akatangaza: babu anacheka humu.

Mizuki akaanguka kutoka kwenye jiwe. Nilidhani ameumia. Kumbe anacheka, ameshika tumbo, machozi yanamtoka, simu bado mkononi inarekodi. Kanta akasema turudie, safari hii ahesabu sekunde. Nikakataa, ingawa bila meno haikueleweka kama nimekataa au nimekubali. Nilitamani kuingia ndani ya mwanzi niende na maji.

Ndipo Mzee Gonpachi akayachomoa ya kwake. Akasema, Toku, usijivune, hata yangu yanataka kusafiri. Na Bi Tatsuno naye, mtu wa heshima zake, akageuka pembeni, akatoa. Yakawa mashindano. Kanta ndiye mwamuzi. Ibuki ndiye mdakaji. Mizuki, mjukuu wangu aliyekuwa kaa la baridi, akasimama juu ya kreti yangu akatangaza kama mtangazaji wa mpira, anataja kila jino linavyopita kona. Tumerudia mpaka jua likahamia ng'ambo ya kilima. Sumie amekaa chini akilia kwa kicheko, anasema baba Chinatsu, mimi niliolewa na nini.

Tambi hakuna aliyezigusa tena, ila Mzee Gonpachi.

Ya Gonpachi yalishinda kila raundi. Nadhani yamesuguliwa kwa mafuta. Siwezi kuthibitisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Chinatsu amekuja kuwachukua. Nimekaa sebuleni, miguu nimekunja, nimevaa shati jeupe. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kujitetea juu ya manyigu.

Hakuniuliza lolote. Ibuki alimrukia shingoni akasema amemdaka babu. Kanta akamwonyesha jedwali la sekunde. Mizuki akasema, kwa mdomo wake, bila kulazimishwa na mtu, kwamba mwakani hakubali kwenda kwingine. Chinatsu akanitazama. Kumbe alikuwa ameshaiona ile video ya Mizuki, ofisini, kwenye mkutano, akalazimika kutoka nje. Akasema haya baba, umeshinda. Kila mwaka, wiki mbili.

Nimeshinda. Niliinama kufunga kamba ya begi ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Kisha Mizuki akasema Babu Onodera naye ameiona. Yeye Mizuki ndiye aliyemtumia. Amecheka mpaka mkewe akamletea maji, na anaomba mwakani aje na yeye. Watoto wakaruka sebule nzima. Ningesema nini? Nikasema karibu sana. Wakampigia hapo hapo. Onodera akanisifia mwanzi, akanishukuru kwa unyenyekevu ulionichefua, halafu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akasema yeye ana safu zote mbili. Ya juu na ya chini. Akayagonganisha kidogo ili nisikie.

Gari likaondoka. Ibuki alipunga mkono mpaka kona ya shamba la mpunga. Nimelia. Sumie ameniona, nikasema ni jasho, akanipa taulo bila kubishana.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumba imepoa. Feni imeamua kuzunguka leo, ambapo hakuna wa kumpepea. Nimekula uji wangu, nikamwambia Sumie nawakosa.

Sumie ameketi karibu yangu, jambo ambalo halifanyi mchana. Akasema kwa upole: unaona, watoto hawakutaka dundu wala mwanzi mrefu wala kipaza sauti. Walicheka siku ulipoacha kushindana, ukawa mzee wao tu, kibogoyo, mbele yao. Mwakani acha hila. Kaa nao. Mkaribishe na Mzee Onodera kama ndugu.

Maneno mazito. Nimeyatafakari asubuhi nzima, nimelala chali, natazama dari. Sumie amesema kweli, hakika. Watoto walitaka meno.

Na Onodera ataingiza safu mbili kwenye mashindano, mimi moja. Hiyo ni aibu ya kufanyiwa mtu nyumbani kwake, mbele ya wajukuu wake. Sumie alipokwenda kumwagilia biringanya, nimempigia daktari wa meno nyumbani kwake. Aliniuliza ni jino gani la chini linaloniuma. Nimemwambia hakuna, yote ni mazima, ndiyo maana nataka ayang'oe mapema, nipate mwaka mzima wa mazoezi.