Utetezi wa Tuta Lenye Njaa

Njooni, enyi wenye masikio! Aliye na kiti aketi, asiye nacho achuchumae, kwani habari hii ni nzito kuliko mapaja yenu. Isikieni habari ya Zinenani binti Mkwate, simba jike wa darasa la sita, aliyeikabili ndoo ya samadi katika bustani ya shule, huku Dedza, wala asirudi nyuma.

Matuta yalikuwa mawili, maharage ya mbegu moja, yakinyweshwa maji sawa chini ya jua moja. La kwanza lilikula samadi ya mbuzi, likanawiri kama bwana harusi. La pili lilinyimwa samadi kwa makusudi, likakonda, likageuka manjano. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa somo lenyewe, na asubuhi hiyo Zinenani angemweleza mkaguzi wa shule.

Ndipo akatokea Mwalimu Mkuu Chingwalu, mpakaji chokaa wa mawe, mfalme wa siku za wageni, ndoo ya samadi mkononi, akilielekea tuta la manjano.

"Sogea, binti. Mgonjwa huyu atanitia aibu."

"Mwalimu, samadi ya leo haitamponya leo. Itatuharibia jaribio tu."

"Jaribio! Nani kwenu humwonyesha mgeni sufuria tupu?"

Shujaa aliketi pale pale mferejini, akalikumbatia tuta kwa mikono miwili kama mama anayezuia mwanawe asichanjwe.

"Basi mwaga, Mwalimu. Ila utaanza na kichwa changu, na sare hii mama kaifua jana."

"Mmwagie!" walipaza sauti wenzake, majeshi yasiyo na huruma. "Labda na yeye atarefuka!"

Ndoo ikapanda. Ndoo ikatetemeka. Honi ikalia langoni, na ndoo ikakimbilia nyuma ya mgongo wa mwenyewe.

Mkaguzi, mama wa miwani, akaingia bustanini, akayainamia maharage ya manjano. "Na haya, nani kayatesa?"

"Sisi, mama," alisema Zinenani, udongo mpaka puani. "Tuliyanyima samadi, tujue samadi inafanya kazi gani."

Mkaguzi akapima kwa rula tuta hili, akapima lile, akatabasamu. "Bustani nzuri nimeonyeshwa nyingi. Lakini kuonyeshwa jibu, leo ndiyo mara ya kwanza."

"Njaa hiyo niliisimamia mwenyewe!" alinguruma Chingwalu, akinuka mbuzi.

Basi wafalme na wajengewe minara. Katika Dedza iandikwe kwamba siku ile maharage yalibaki manjano kwa heshima, na hakuna mtu mzima aliyefaulu kuyasaidia.