Buji za Motoka ya Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimechaguliwa mwenyekiti wa usafiri katika harusi ya Gaëlle, binti wa dada ya mke wangu. Jirani yangu Evariste alikitaka kiti hicho kwa nguvu zote. Alisema basi lake dogo, lile jeupe analobebea wachuuzi wa soko la Kikula, halijawahi kuzima njiani. Nikasimama. Nikasema bibi arusi si gunia la unga. Atapanda motoka nyekundu ya mbio ya shemeji yangu Steve, inayolala lupangoni, uani kwangu. Watu wakapiga makofi. Mama yake Gaëlle akafuta machozi. Evariste akauliza kama ninajua hata kufungua kifuniko cha injini. Wote wakacheka. Nami nikacheka, ili isionekane kuwa imenichoma.

Imenichoma.

Steve anafanya kazi mgodini Kakanda. Motoka anaiacha kwangu kwa sababu ile barabara ya huko ingeipasua tumbo. Aliniomba jambo moja tu: niiwashe kila asubuhi, nisiguse kingine. Leo, na hii baridi ya Agosti, imekohoa. Imetetemeka kama mgonjwa wa malaria, kisha ikazima.

Nimempigia Steve. Amesema ni buji zimechoka, yaani vile vijiti vinavyotoa cheche za kuwasha petroli ndani ya injini. Mpya zimo kwenye droo mbele ya kiti, alizinunua Lubumbashi. Nipeleke motoka kwa Mélanie, kazi itakwisha mara moja.

Mélanie ni fundi wa magari, gereji yake iko kando ya soko. Zamani nilimfundisha katekisimu. Ana kicheko kinachosikika mtaa mzima. Nikiipeleka motoka pale, Evariste atajua kabla sijafika nyumbani.

Hapana. Nitazifunga mwenyewe.


Jumanne, 5 Agosti

Shule imefungwa, na karani wa shule iliyofungwa ni mtu huru. Nimemwambia Philomène, mke wangu, kwamba ninaosha motoka. Kwanza nimetazama video kwenye simu. Mzungu mwenye ndevu alibadilisha buji huku akipiga mluzi. Hata mikono hakuchafua.

Buji zake zilikuwa juu ya injini. Za Steve haziko juu. Injini hii imelala ubavu, na buji zimejificha pembeni, mahali ambapo hata mkono wa mtoto mchanga ungekwama. Mzungu mwenye ndevu hakuligusia hilo.

Nimetoa betri. Nimetoa chupa ya maji. Nimetoa bomba moja ambalo bado sijui ni la nini. Kila buji ina waya wake, na kila waya una mahali pake, kwa hiyo nimeziwekea alama kwa chaki ya shule. Akili! Ngozi ya vidole imebaki kwenye chuma. Lakini buji ya kwanza ikatoka, nyeusi kama jino bovu, nami nikajisikia mtu mwingine kabisa.

Nikataka kuweka picha kwenye kundi la kamati ya harusi. Injini ilikuwa na vumbi. Nikaifuta vizuri kwa kitambaa chenye maji. Nikapiga picha, nikaandika: "Matengenezo madogo kabla ya siku kuu." Evariste hakujibu kitu. Raha iliyoje.

Ndipo nikaona kwamba nimezifuta pia zile alama za chaki.


Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi yote nimekuwa nikibahatisha nyaya. Mpangilio wa kwanza, motoka kimya. Wa pili, ikapiga kishindo kupitia bomba la moshi, na kuku wa Philomène wakaruka ukuta. Bado hawajarudi wote. Nimesema ni paka.

Steve akapiga simu katikati ya mambo hayo. Akauliza kama Mélanie amekwisha kuiangalia.

Nikasema: "Mélanie anaishughulikia."

Lilitoka kwa urahisi, kama salamu. Sikulipanga. Steve akashukuru, akasema sasa atalala vizuri.

Mchana injini imeshika. Sauti safi, mpaka nikakaribia kulia. Tatizo ni buji moja, ya nyuma, upande wa kushoto. Iliingia kombo. Nikaona inakataa, nikaongeza nguvu. Ndani ya chuma kitu kikavunjika taratibu, kama biskuti. Tangu hapo buji hiyo inazunguka tu, haikazi.


Alhamisi, 7 Agosti

Sokoni wanauza gundi ya chuma. Muuzaji aliuliza ninaunga nini. Nikasema sufuria.

Narudi, nani ananisimamisha? Mélanie. Mikono kiunoni, kucha zimepakwa rangi nyekundu, kofia ya kazi kichwani. Aliuliza habari za motoka, maana Steve alimwambia itakuja. Gundi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema Steve amebadili mawazo, ataipeleka Lubumbashi. Akasema ni sawa, nimsalimie mama nyumbani. Hakucheka. Nilitegemea atacheka.

Ningeweza kumwambia palepale. Njia ilikuwa tupu, wala hakuna ambaye angesikia. Ninaandika hilo hapa kwa sababu siwezi kulisema mahali pengine.

Nimepaka gundi, nimesokota buji, nimeacha ikauke; vidole viwili vya mkono wa kulia vimegandana nayo. Wakati wa chakula Philomène aliuliza kwa nini ninamega bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto. Nikasema nyuki. Akanitazama kwa muda, kisha akaniongezea mboga ya sombe.


Ijumaa, 8 Agosti

Imekaza! Nimeizungusha motoka mtaani. Inaunguruma kama mnyama aliyeshiba. Watu wametoka malangoni kwao. Nimepita mbele ya Evariste alipokuwa akiosha basi lake. Halafu nimegeuza, nikapita tena, ingawa nyumbani ni upande mwingine.


Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Gaëlle alikaa kando yangu, gauni lake limejaza motoka mpaka nikawa ninatafuta gia chini ya kitambaa cheupe. Alikuwa anafurahi na kuogopa. Aliniambia kwamba tangu baba yake afariki, hakuna mtu aliyemfanyia jambo kubwa kama hili. Nikasema si kitu.

Nyuma yetu msafara wote, na basi la Evariste likiwa la mwisho, limebeba masufuria ya chakula. Tukaanza kupanda kuelekea parokia. Nikakanyaga mafuta kidogo, ili mlango wa kanisa utusikie.

Mlio ulikuwa kama bunduki. Mashangazi walijitupa chini. Gaëlle alinishika mkono. Buji ya gundi iliruka kutoka kwenye injini na kugonga kifuniko kwa ndani, na baada ya hapo motoka ikawa inanguruma kama trekta, moshi na harufu ya petroli vikatoka kila upande. Kisha ikazima katikati ya mlima, waimbaji wa kwaya wakitutazama kutoka juu.

Evariste akashuka. Nilimngojea acheke. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Yeye akavua koti lake la harusi, akalitandika kwenye kiti cha mbele cha basi lake, akamwambia Gaëlle: "Panda, mwanangu, padri anangoja." Akamshika gauni lisiguse chini, lakini vumbi lilikwisha kulipata. Gaëlle aliingia kanisani pindo likiwa jekundu mpaka magotini, akinukia samaki wa kukaanga.

Baada ya misa Steve, aliyefika kutoka Kakanda moja kwa moja, alikuwa ameinama juu ya injini. Alikuwa amefura kwa hasira. Watu wamemzunguka. Mélanie alikuwa kati ya wanawake, amevaa kitenge cha harusi kama wenzake wote. Steve akamwita.

"Mélanie, hizi buji ulizifungaka namna gani?"

"Buji gani? Minye sikugusaka hii motoka. Papa Osée aliniambiaka unaipeleka Lubumbashi."

Wote wakanigeukia. Mke wangu. Gaëlle na bwana arusi. Evariste bila koti.

Nikasema: "Umesahau, mwanangu. Weye uko na kazi mingi."

Mélanie alinitazama. Yule ambaye hucheka mpaka ng'ambo ya soko hakucheka. Alikunja mikono yake, akaficha kucha, kama mtoto aliyeshikwa na kosa. Steve akamwambia mbele ya watu wote asiguse tena motoka ya mtu wa ukoo wetu. Mélanie akaondoka kabla ya chakula.

Mimi nilikula.


Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa ya asubuhi nimemsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba mumewe ameiondoa gari yake gereji kwa Mélanie. Kisa ni bibi arusi aliyekaribia kulipuka. Mwenzake akasema ndivyo inavyokuwa mwanamke akishika spana. Nilikuwa nyuma yao. Nilitaka kusema neno. Nikakohoa.

Nyumbani Philomène alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Akafunga mlango. Sijapata kumwona akiongea polepole hivyo.

"Minye nilikuwa naangalia ku dirisha. Nilikuonaka na kle ya kufungula buji mu mukono. Sikusema kintu, juu ulikuwa na furaha. Jana nilingojea useme weye mwenyewe. Sasa minye ndiye nasikia haya." Akanielekezea kidole. "Kesho utaenda kwa ule mutoto wa bantu. Utasema mbele ya bantu, sawa vile ulimusemea mbele ya bantu."

Nikasema pengine ingefaa barua. Alitoka nje kwenda kutafuta kuku wake.


Jumatatu, 11 Agosti

Nilipanga kwenda mchana, saa ya kula, gereji ikiwa tupu. Hesabu nzuri. Ilikuwa tupu kweli. Mélanie alikuwa peke yake, ameketi juu ya gurudumu, hana cha kutengeneza. Sikuwa nimefikiria kwamba ingekuwa tupu kwa sababu yangu.

Nikaanza kusema haraka haraka, kwa sauti ya chini. Akanizuia kwa mkono. Akanipa kiti, akasema nikae, tungojee. Tukangojea. Alisafisha spana zilizokuwa safi tayari. Hatimaye likaingia basi jeupe. Evariste, breki zinalia. Yeye hakuwa ameacha kuja. Nyuma yake wachuuzi wawili wa soko waliokuwa wamepanda naye.

"Sasa, Papa Osée," akasema Mélanie.

Nikasema.

"Sema nguvu. Bale ba nyuma habasikie."

Nikasimama. Nikasema kwamba buji nilizifunga mimi. Kwamba Mélanie hakuigusa motoka hata kwa kidole. Kwamba nilimdanganya Steve, nikamdanganya yeye, nikadanganya mbele ya kanisa na mama yake Gaëlle akiwapo. Kwamba niliweka gundi. Niliposema gundi mchuuzi mmoja aliziba mdomo. Evariste aliangalia viatu vyake. Nilitamani sana atoe lile neno lake la injini na kifuniko. Hakulitoa.

Mélanie akasema amesikia. Akaingia chini ya basi.

Steve nimempigia kutoka njiani. Akasema nisimweleze zaidi, atampigia Mélanie aombe radhi mwenyewe. Kuhusu mimi hakusema lolote. Afadhali angetukana.


Alhamisi, 14 Agosti

Wamekuja kuikokota motoka. Basi la Evariste mbele, kamba katikati, Mélanie kwenye usukani. Mtaa mzima umetoka tena malangoni. Mimi nilifungua lango na kusimama pembeni, kama mlinzi. Gaëlle na mumewe walikuwa wakipita kuja kutusalimu. Gaëlle alinipa mkono kwa heshima, mikono miwili, akaniita tonton, yaani mjomba, akasema harusi ilikuwa nzuri, nisijali. Niliingia chooni nikakaa humo mpaka walipokwenda.

Nimeapa mbele ya Philomène. Sitagusa tena kitu nisichokijua. Na nikiharibu, nitasema siku hiyohiyo. Alinitazama, akasema amesikia. Ni neno lilelile la Mélanie.


Jumamosi, 16 Agosti

Siku tulivu. Baba mkwe, mzee Nicolas, amekwenda Mwadingusha kwenye msiba na kutuachia ufunguo wa nyumba yake, tumwagilie mboga. Pampu yake ya maji inanguruma lakini haitoi hata tone. Philomène amesema tutachota kwa ndoo, mzee akirudi kesho ataita fundi wa umeme. Kisha akaenda sokoni.

Pampu si motoka. Haina buji. Ina skurubu chache tu, nazo zilikuwa zimelegea kana kwamba zinaniomba.

Nimeifungua. Ndani kuna springi ndogo ambayo imeruka, na sasa hivi sijui imeangukia wapi kwenye mboga. Nitaiona. Mwanga bado upo.

Philomène akirudi nitamuuliza, kwa upole tu, yule fundi wa umeme anaitwa nani. Si kwa kumwita. Ni vizuri kulijua jina, mzee akiuliza nani ameigusa.