Barua ya Kumchafua Rwekaza

Jumatatu, 2 Juni
Mimi, Rwegasira, ni mwenyekiti wa Chama cha Kufariji Wazee wa Kashai. Wanachama watatu: mimi, mke wangu Theopista, na shemeji Damian wa Muleba, ambaye bado hajaambiwa. Ofisi ni sebule yetu. Ina meza, muhuri na picha yangu nikiwa na tai. Mpaka leo tumemfariji mzee mmoja. Mimi.

Theopista amenikata maini. Ameagiza vifaranga mia. Chama kisipopata kitu hadi Jumapili ya tarehe 15, wanaingia sebuleni, na mimi nahamia jikoni kumenya ndizi. Mimi! Nimemwambia Mhaya wa umri wangu hashiki kisu cha ndizi. Akasema basi Mhaya huyo atashika kinyesi cha kuku, achague.

Jumanne, 3 Juni
Mungu yupo! Mfuko wa familia ya marehemu mzee Yashwant, wale wa duka la vitambaa mjini, unatoa ruzuku kwa vyama vya Bukoba. Fomu nimechukua kwa mjukuu wake, Mamta. Kaniuliza, kwa Kihaya kizuri kuliko changu, tumefariji wazee wangapi. Nikasema hesabu inaendelea.

Kurasa sita. Tano nimezijaza kwa raha. Ya sita ni mtego. Wanataka barua kuhusu tabia yangu, bahasha imefungwa, kutoka kwa mwenyekiti wa chama kingine cha kata hii anayenijua zaidi ya miaka kumi. Asiwe ndugu. Kashai nzima yuko mmoja tu. Rwekaza!

Tulisoma wote shule ya Ngenge. Yeye akafika la saba. Mimi la nne nikaona inatosha. Sasa ana chama cha kutengeneza madawati ya shule. Maranda ya mbao mpaka kwenye nyusi. Tukipita njia moja, watu wanamsalimia yeye kwanza.

Jumatano, 4 Juni
Nimekwenda karakana ya Rwekaza na chupa ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kumbe naye anaomba ruzuku hiyo hiyo! Na wa kumwandikia barua hana ila mimi. Tumetazamana kama majogoo. Mwisho tukakubaliana kila mtu amwandikie mwenzake, bahasha zifungwe, zipelekwe pamoja. Akaniambia kwa heshima ya Kihaya, "Ta Rwegasira, usinimalize." Nikaapa kwa Bikira Maria. Rozari ilikuwa shingoni, lakini ndani ya shati. Haikuona.

Alhamisi, 5 Juni
Nimemmaliza!

Kumwita mwizi nimeogopa polisi. Nikatafuta aibu zake za kweli. Nimeandika kwamba ana roho ngumu. Mwaka juzi mfadhili alimpa mbao. Nikamwomba ubao mmoja tu wa kitanda changu, mimi niliyesoma naye. Akaninyima! Eti mbao za watoto. Alimfukuza kazi mpwa wake wa damu kwa kuiba kopo moja la misumari, dada yake analia, yeye anapiga randa. Nikamalizia: mkimpa huyu fedha, hakuna jirani atakayeonja.

Nikagonga muhuri mara mbili. Niliposoma tena nikamwonea huruma. Binadamu kuvuliwa nguo namna ile!

Yake kunihusu sina wasiwasi nayo. Rwekaza ni mwanakwaya, hajui kusema mtu vibaya.

Jumatano, 11 Juni
Kimya. Theopista anapima sebule kwa kamba. Kaning'oa kwenye kiti ili apime chini yake.

Jioni simu ya Mamta. Twende wote wawili keshokutwa.

Ijumaa, 13 Juni
Mamta kaanza na barua ya Rwekaza, kaisoma kwa sauti. Waitu! Rwegasira ni mtu wa busara. Habari za kila nyumba ya Kashai anazo. Fedha hazimbabaishi, anachopenda ni heshima. Na muda anao, kutwa nzima. Machozi yakanitoka.

Mamta akasema mtu kama huyo ndiye walikuwa wanamtafuta. Nimeteuliwa mjumbe wa kamati ya ruzuku! Nikasimama, nikashukuru, nikauliza posho. Posho hakuna. Nikauliza ruzuku ya chama changu. Mjumbe wa kamati haruhusiwi kupata ruzuku. Rwekaza alikuwa anaangalia dari. Mabega yanamtikisika.

Nikajipa moyo, barua yangu bado. Mamta akasema hajawahi kupokea barua kama ile. Nikainamisha kichwa, tayari kumsikitikia mwenzangu. Akaendelea: watu wote huandika "mcheshi", "mpenda watu", maneno matupu. Huyu kamnyima rafiki yake ubao kwa ajili ya watoto! Kamfukuza mpwa wake kwa misumari! Wampe nani kama si huyu?

Ruzuku yote kwa Rwekaza.

Akanikumbatia, maranda yakaniingia kwenye kola. Akasema alidhani nitammaliza. Nikamjibu nilifanya kila nilichoweza. Hapo sikusema uongo.

Jumapili, 15 Juni
Tumetoka misa, vifaranga wameshafika. Mia na wawili. Sebule inapiga kelele kama bunge. Meza yangu iko jikoni chini ya masufuria. Nimemenya ndizi kumi na saba na kidole kimoja. Theopista kasema ganda ninalotupa lina ndizi kuliko ndizi yenyewe.

Lakini nimekaa, nimefikiri, nimeona kosa lilikuwa wapi. Nilisifiwa mno!

Nasikia kuna mfuko mwingine Mwanza, nao wanataka barua. Safari hii mimi mwenyewe nimemwandalia Rwekaza barua ya kunakili. Aseme Rwegasira ni mchoyo kupindukia. Jirani hali kitu kwake. Shemeji hali kwake. Hata mke wake wa ndoa hajawahi kuona senti yake.

Theopista alikuwa nyuma yangu anasoma. Kasema hilo la mwisho atalitia saini yeye mwenyewe, kanisani, mbele ya padri.

Shahidi wa kwanza nimepata! Tena bila hata chupa ya rubisi.