Ndoto Niliyomsingizia Salamanda

Jumatatu, 4 Machi
Baba ametangaza: mwaloni mkubwa wa juu mlimani unaangushwa Jumamosi, apanue shamba la iliki. Juu ya matawi yake, ndani ya ile mimea inayokinga maji kama bakuli, wanaishi salamanda wangu, kama mijusi wenye ngozi laini ya chura. Wadogo kama kidole! Mwalimu anasema wamebaki wachache. Hawana mapafu, wanapumua kwa ngozi. Wakikosa ukungu, kwisha habari yao. Nilifungua mdomo nimwambie Baba. Nikaomba chumvi.

Jumanne, 5 Machi
Mpango! Kwetu mtu hakati mti bila kumwomba Tzuultaq'a, bwana wa mlima, naye hujibu kwa ndoto. Basi nimemnong'oneza Bibi kwamba nimeota salamanda amekaa shinani pa mwaloni, analia, amevaa kofia. (Kofia sijui ilitoka wapi.) Bibi akaangusha chapati ya mahindi motoni. Sijawahi kuaminiwa upesi hivi. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Bibi amekwenda mbio kwa mzee Xol, anayeongoza maombi. Eti mwotaji husimulia mwenyewe, mbele ya kijiji kizima. Mimi! Ninayeitika jina darasani kwa kuinua kidole! Dada Odilia kacheka hadi kakaa chini: "Abelino, bubu wewe, mlima umekosa mtu wa kumtuma?" Nikajitia homa. Bibi akaninywesha dawa chungu. Nikapona papo hapo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesimama. Sandarusi inafuka, mishumaa inawaka, macho yote kwangu. Kikekchi chote, lugha yetu ya nyumbani, kikanitoka kichwani. Nikaanza kwa Kihispania, kama naghani shairi la shule. Mzee Xol akauliza kwa upole mlima wetu umesoma Kihispania lini. Vicheko! Odilia ndiye aliyecheka mwisho, peke yake. Nikaangua kilio. Kumbe kilio ndicho kilichowaingia: wakanong'ona kwamba huyu kaona kitu. Baba akavua kofia. Mwaloni hautaguswa!

Nimelala kama mfalme.

Jumamosi, 9 Machi
Baba ananoa shoka. Kwa nini? Atakata mwaloni wa bondeni, maana huo, mlima haukuutaja. Nimekimbia bondeni, nikaukwea. Nimefunua jani la kwanza tu: salamanda wawili, wananitazama kama wanaonidai.

Basi. Uongo umetosha. Nimekwenda jikoni kumuungamia Bibi kila kitu. Nimevuta pumzi kwa mapafu yangu yote mawili. Akaniuliza, haya baba, sema, kuna nini?

Nikasema usiku nimeota tena. Yule salamanda ana mke, na mkewe anakaa bondeni.

Bibi akataka kujua kama naye amevaa kofia.

Nikasema la. Kilemba chekundu.

Ameshajifunga shuka, yuko njiani kwa mzee Xol. Kesho nasimama tena. Nianze kujitia homa mapema.